Magunia ya Sharifa

Mke wangu Sharifa alifariki mwaka jana, masika yakianza. Hapa Madimba wengi walimwita Mama Kesho. Mimi sikumwita hivyo hata siku moja.

Mikorosho nyuma ya nyumba yetu ilikuwa yake. Kwetu shamba hufuata upande wa mama, na mama yake ndiye aliyeipanda. Zamani kwenye ghala la ushirika alikuwa akichovya dole gumba kwenye wino, kama mimi. Kisomo cha watu wazima kilipofika akaenda, mjukuu mgongoni. Alipoweza kuandika jina lake alisema kidole chake hakitapakwa wino tena. Tangu hapo kila msimu aliandika magunia yake mwenyewe, kwa masizi na mafuta ya nazi. Herufi nene, za mtu mwenye mali yake.

Ndipo kiharusi kikamwangusha tukipalilia. Mkono wa kulia ukafa. Maneno yakaenda, likabaki moja: kesho. Akitaka maji, kesho. Akikasirika, kesho. Akili ilikuwa nzima. Ukimtania alicheka, ukimdanganya alikukazia macho. Lakini maandishi aliyatazama kama nilivyoyatazama mimi siku zote.

Mwalimu wa chuo akamwandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zioshwe anywe. Akanywa. Sahani hakuirudisha. Asubuhi nilimkuta ametandaza gunia la msimu uliopita, lenye jina lake, anachovya kidole cha kushoto kwenye masizi na kuchora juu ya sahani. Anachora, anafuta, anachora. Nilipomshika mkono nimsaidie, alinipiga kofi. Nikamwacha.

Kaka yake, Athumani, alikuja akaiona sahani.

"Shemeji, mkeo siku hizi anakula masizi?"

Kisha akasema lililomleta. Mtu asiye na kauli, asiyejua tena kusoma, hawezi kushika mikorosho. Msimu huo magunia yaandikwe jina lake yeye, kaka mtu. Alisema kwa upole, Sharifa amekaa palepale, kama vile hayupo. Nikamwambia mwenye mikorosho anasikia. Akaniaga.

Siku ya kupima tulipeleka magunia ghalani bila jina. Sharifa alinikataza nisiyaandike, akalibeba mwenyewe kopo la masizi. Athumani alikuwa ametangulia. Alikwisha kumweleza karani, Erasto, mtu wa bara, kwamba dada yake hajiwezi na korosho zipokelewe kwa jina la Athumani. Karani akasema sawa, ila mwenyewe aweke dole kukubali. Akamsogezea wino.

Sharifa akakunja ngumi.

"Kesho," akasema.

"Mama, kesho tumefunga."

Foleni ikacheka. Karani naye akacheka kidogo. Sharifa hakucheka. Alipiga magoti kwa shida mbele ya gunia la kwanza, akafungua kopo kwa meno, akaanza kuandika. Jua lilikuwa kali. Nyuma wakanung'unika kwamba anawachelewesha. Nikasimama kati yake na wao, na fimbo yangu. Herufi ya kwanza ilitoka imegeuka, imepinda kinyume. Akaendelea mpaka ya mwisho.

Athumani akasema, "Haya, muulizeni ameandika nini."

Alijua anachouliza. Sharifa akalitazama gunia, akafungua kinywa, midomo ikahangaika.

"Kesho."

Walicheka tena, si wote. Karani akaweka kalamu chini, akaja akainama.

"Kusoma ni kazi yangu, si yake," akasema. "Hapa pameandikwa Sharifa."

"Hiyo herufi imegeuka."

"Imegeuka, mzee. Lakini haijawa Athumani."

Akauondoa wino mezani. Korosho zikapimwa kwa jina la mwenyewe, msimu ule na kila msimu mpaka alipokufa.

Sasa mikorosho ni ya binti yetu Mwanahawa. Gunia lile alilokuwa akiliiga liko ukutani kwangu. Mimi sikwenda shule; herufi nimezipata ukubwani, hapo kwenye gunia, nikikaa karibu na Sharifa akichora. Kibao cha kaburi lake nimekiandika mwenyewe, herufi ya kwanza imegeuka.

Athumani alikuja kwenye arobaini, akaniambia nimekosea.

Sikukosea.