Makala Iliyofunguka

Insha ilirudi imejaa wino mwekundu, na pembeni mwa karibu kila aya mhadhiri alikuwa ameandika swali lile lile: Nani kasema haya?

'Manapo Letuka aliisoma akiwa amesimama koridoni, blanketi limebanwa kifuani kwa pini, wanafunzi wenzake wakimpita huku na huku. Wengi wao angeweza kuwazaa. Nyumbani kwao Ha Mphana, milimani Thaba-Tseka, alikuwa amefundisha shule ya msingi tangu usichana wake, mwalimu asiye na cheti, mmoja wa wale walioombwa kushika chaki kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kuishi huko. Kisha wizara ikatangaza kwamba asiye na diploma atampisha mwenye nayo. Ndivyo alivyofika chuoni Maseru, na sasa yuko mwaka wa mwisho, anaandika juu ya wavulana wanaoacha shule kwenda kuchunga kondoo.

Nani kasema? Si yeye? Amepanda mwenyewe hadi vibanda vya mawe walikolala na mifugo yao, akakaa nao motoni, akawabembeleza warudi darasani. Wengine walirudi. Wengine walikwenda jando, wakarudi wanaume, na mwanamume hakai dawati moja na watoto.

"Mama, unayajua, sikatai," mhadhiri, Dk. Monyau, alimwambia ofisini, akipangua makaratasi mezani kutafuta kalamu. "Ila siwezi kupokea 'nilimwona'. Nataka vitabu. Nataka makala. Nenda maktaba."

Maktaba alikuwa akiingia, lakini msimu wa baridi tu, kwa ajili ya hita ya mafuta ya taa iliyowekwa karibu na magazeti. Hakuwahi kutafuta kitu humo. Safari hii alikwenda na Limpho, binti aliyekaa naye chumba kimoja bwenini, akaketishwa mbele ya kompyuta.

"Shika kipanya, m'e, mama yangu. Hakiumi."

"Wewe cheka tu. Utazeeka na wewe."

Akaandika polepole, kwa kidole kimoja, swali lake lote kama angemuuliza mtu: kwa nini wavulana wa milimani huacha shule wakati wa baridi na kwenda kuchunga. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Akaandika upya, akaongeza neno tafadhali. Limpho akaangua kicheko mpaka mkutubi, Ntate Phafoli, akatoka nyuma ya meza yake akikohoa.

"M'e, unaisimulia hadithi," alisema. "Hii haina masikio. Ipe maneno mawili, matatu. Unatafuta nini hasa?"

"Wavulana."

"Wavulana wamejaa dunia nzima."

"Basi wachungaji."

"Utaletewa mapadri na maaskofu. Ongeza mifugo. Haya, ongeza shule."

Orodha ikashuka kwenye kioo, ndefu, na 'Manapo akafunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa hajui kuwa kuna watu wengi hivyo waliowahi kuwafikiria wale wavulana.

Kuanzia siku hiyo Ntate Phafoli alimfundisha. Kutafuta kwa jina la mwandishi, kwa jina la kitabu, kwa mada. Kunakili namba ya kitabu na kuifuata rafu hadi rafu, kidole kikipita migongoni mwa vitabu. Neno moja likikwama, alete ndugu yake, neno lenye maana ya karibu. Akipata makala moja, asome marejeo mwishoni, maana yatamwonyesha nyingine. 'Manapo alishika haraka kuliko alivyojidhania. Kwa muda mfupi alikuwa na furaha ya kweli. Usiku alimweleza Limpho namna ya kutafuta mpaka Limpho akajifunika shuka usoni.

Lakini kitabu alichokihitaji zaidi hakikuwepo. Namba ilimfikisha mpaka mahali pake, na mahali pake palikuwa wazi.

"Aliyekiazima alipata kazi Bloemfontein," Ntate Phafoli alisema. "Nacho kimepata kazi huko."

Zikabaki makala. Hizo nazo zilionyesha kichwa na muhtasari, kisha zikadai neno la siri. Chuo kilikuwa kimeacha kulipia majarida. Akabofya hii, ikakataa, ile, ikakataa. Alipokwisha kata tamaa, moja ikafunguka yote, na ilihusu shule za milimani, za kwao kabisa.

Aliisoma kwa kamusi, mchana kutwa. Waandishi walisema kwamba umaskini upo na baridi ipo, lakini sababu kubwa ya wavulana kukimbia shule ni mafunzo hafifu, na mafunzo ni hafifu kwa sababu ya walimu wasiosomea kazi. Walimu hao, waliandika, humpotezea mtoto miaka ambayo hairudi.

Hakulia. Alitafuta nyingine, kwa maneno mengine, kama alivyofundishwa. Chache zilizofunguka zilisema yale yale, na kila moja ilitaja nyingine. Akafuata marejeo nyuma, makala hadi makala, mpaka akafika kwenye ile ambayo zote ziliitegemea. Hiyo ilikuwa imefungwa.

"Ntate, na kama mtu hakubaliani nao?"

"Atafute mwandishi anayekubaliana naye."

"Nimetafuta. Hayupo."

Ntate Phafoli alimtazama, akatazama kioo. "Basi hayupo, m'e."

Akaandika insha upya. Vibanda akavitoa. Jando akalitoa. Akaweka waandishi, mwaka na ukurasa, kila kitu mahali pake, na katikati akanukuu, kwa mkono wake, sentensi juu ya walimu wa aina yake.

"Hapa sasa umeandika," alisema Dk. Monyau, na alifurahi kwa dhati. "Umeona?"

Insha ilipita. Lakini mtihani wa hesabu ukamwangusha, na diploma haikutoka.

Akarudi Ha Mphana. Kazi yake ilikuwa imepewa msichana mwenye sifa kutoka Mafeteng, mpole, aliyempa kiti kila walipokutana. Theluji ya kwanza ilipofunga njia msichana yule alivumilia. Ya pili ilipofunga, aliaga kwa machozi na hakurudi. Darasa likabaki bila mtu. Mwalimu mkuu akaja nyumbani kwa 'Manapo, akamkuta anasonga papa, ugali wa mahindi.

"M'e, shika darasa. Wizara watajua baadaye. Watoto wamekaa tu."

"Hapana, ntate."

"Umekasirika. Una haki."

"Sijakasirika. Nimesoma." Alikuwa anatazama sufuria. "Sisi ndio tunaowaharibu. Imeandikwa kila mahali, nimetafuta kote."

"Upuuzi gani huo? Nusu ya kijiji hiki wewe ndiye uliyewafundisha kusoma!"

'Manapo akaepua sufuria. Akampakulia papa na mboga, akampa maji ya kunawa, akamsindikiza hadi uwanjani. Mwalimu mkuu alijaribu tena juma lililofuata, na lililofuata. Kisha akaunganisha darasa lile na la wakubwa, na wadogo wakaanza kubaki nyumbani mmoja mmoja.