Kulwa na Doto Waliokatwa

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka uso unanichoma. Ndiyo, nakuita mwanangu. Niko kidato cha tatu, wewe uko darasa la pili, hiyo inanitosha kuwa mzee wako.

Mwaka jana alikuja afisa kwa pikipiki kutoka wilayani kupanga shule shikizi zijengwe vitongoji gani, ili watoto wadogo wasitembee hadi shule mama. Penye watoto wengi ndipo ingewekwa. Babu Masalu, mwenyekiti wa kitongoji chetu, aliandika orodha kwa mkono wake, jina la kwanza tu. Nikaitwa nimsomee mgeni, maana babu mwenyewe hakuwepo, na mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino.

"Kulwa, Doto. Kulwa, Doto. Kulwa, Doto..."

Afisa, mgeni huku Usukumani, akainua kalamu. "Mbona yanajirudia?"

Mwanangu, huku kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na mapacha tumejaliwa. Ningesema hivyo tu, yangeisha. Lakini mdomo wangu!

"Ni walewale, mheshimiwa. Hapa tunaazimana watoto kama majembe."

Vijana wenzangu waliokuja kutazama wakaangua kicheko, nami kichwa kikavimba. Nilichelewa kuona kwamba yeye hacheki. Alikuwa anakata majina.

Shule ikaenda kitongoji cha ng'ambo ya mto.

Babu Masalu akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Hakuitikia. Akanisomea waliokatwa, polepole, akitaja na mama zao. Wa mwisho walikuwa wa shangazi yangu.

"Ulikuwa utani tu, babu."

"Haya. Mvua zikija, kamtanie shangazi yako."

Zikaja. Mto ukajaa, shangazi akawazuia mapacha wake nyumbani, wiki hadi wiki. Nilipopita kwake, Kulwa akaniuliza, "Kaka, eti ulisema mimi sipo?"

Nilikosa pa kuweka uso. Nikaandika orodha upya, na majina ya baba zao, nikaipeleka wilayani mwenyewe na kukiri. Wakaniambia tusubiri mpango wa mwaka ujao. Mwaka, mwanangu, kwa mtoto wa miaka sita!

Basi tania wenzako, nitanie hata mimi na ndevu zangu tatu. Lakini anayeuliza habari za watoto ili awapangie kitu, mjibu kweli tupu. Na ukiteleza, sema papo hapo, kabla hajawasha pikipiki. Mimi niliogopa kuharibu kicheko.

Mungu akukuze, akupe njia kavu ya kwenda shule, na mdomo unaojua pa kunyamaza.