Chaja Moja Ujerumani

Chaja za Tanzania zina miguu mitatu minene, na kuta za Ujerumani zina matundu mawili ya mviringo. Katika ujumbe mzima wa usharika wetu wa Meru uliokwenda huko, niliyelijua hilo ni mimi peke yangu, niliyenunua kichwa cha chaja chenye miguu miwili ya mviringo na matundu manne ya USB karibu na stendi ya Arusha. Tulipofika tu nikageuka shirika la umeme.

Ujumbe wenyewe ulikuwa watu watatu: mchungaji, mama yangu na mimi. Hesabu ilionekana rahisi mpaka mchungaji alipofungua begi. Simu, tableti ya mahubiri, saa ya mkononi na pawabenki. Alichomeka vyote vinne, akamshukuru Mungu kwa kutujalia. Nani angemchomolea mchungaji waya? Kuomba chaja kwa wenyeji waliotupokea nyumbani kwao alikataa, eti tutaonekana ombaomba. Nilikasirika, ila kwa adabu, kama tulivyolelewa.

Mama alikuwa na jambo zito kuliko adabu. Huko kijijini kwetu Kikwe ng'ombe wake wa pekee alikaribia kuzaa. Kaka yangu alikuwa mbugani na watalii, na nyumbani alibaki mkewe, wifi yangu, mtoto wa mjini, wa Levolosi, ambaye mama hakumwamini hata kumkatia ng'ombe majani.

Mchana mmoja, wenyeji wakiwa kazini, wifi akapiga simu ya video. Mguu mmoja wa ndama umetoka, wa pili hauonekani, na daktari wa mifugo hapokei simu. Simu ya mama ilikuwa inakaribia kuzima.

"Mchungaji, unisamehe," alisema mama, akang'oa nyaya zote nne. Kichwa cha chaja, ambacho kilikuwa cha bei ya kutupa, kikang'oka nacho. Akakirudisha na kuchomeka simu yake. "Sasa kishikilie kisianguke."

Mchungaji akapiga magoti, akakishikilia ukutani. Sijawahi kumwona akipiga magoti muda mrefu namna ile, hata Ijumaa Kuu.

Wifi aliegemeza simu kwenye hori.

"Paka sabuni mpaka kwenye kiwiko," mama alimwambia. "Msukume ndama arudi ndani kwanza. Tafuta kwato ya mguu wa pili, ifunike na kiganja isimchane mama yake. Usivute! Subiri ng'ombe asukume mwenyewe."

Wifi alilia, akatamka neno ambalo mchungaji alijifanya hakulisikia, akaingiza mkono tena. Niliogopa sana. Ng'ombe yule angekufa, mama asingebaki na kitu zizini. Mchungaji alikuwa anaomba au analalamikia magoti, sikuweza kutofautisha.

Ndama akateleza, akaanguka kwenye majani, akapiga chafya.

"Jike au dume?" mama aliuliza.

"Jike, mama."

Kwetu ndama jike hatolewi ovyo. Mama alifuta skrini kwa kitenge, akamtazama wifi aliyelowa damu na mavi mpaka mabegani.

"Basi ni wako," alisema.

Upande wa pili kukawa kimya kabisa. Mchungaji, akidhani chaji imekata, akakikandamiza kichwa cha chaja ukutani kwa mikono miwili.