Nani anamwonyesha mwanangu filamu za Kijapani?

Sasa hivi Neema wangu karuka kutoka kwenye sofa akiwa na ufagio, akataja kwanza jina la pigo, ndipo akaupiga mto!

Jamani, hizo si zile filamu za vichekesho na mapigano, zinazotengenezwa kutokana na vitabu vya katuni vya Kijapani?

Nikiwa zamu kazini Woolwich, hapa London, anabaki na mama mkwe. Eti wao wanaangalia mahubiri tu.

"Mama, kajifunzia wapi?"

"Shuleni, mwanangu. Watoto wa siku hizi!" Akakimbilia jikoni.

Neema akaruka tena.

Sauti ikatoka jikoni: "Mguu wa kushoto, Neema! Huo wa kulia ni wa kwenye filamu, walikosea. Kitabuni ni kushoto!"



Wenzangu, kesho nimwache naye tena, au ni— ngojeni, mama ananiita jikoni