Nge wa Mguu wa Kushoto

Kaswera aliuza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mtaani Birere mjini Goma, kwenye meza ya mbao karibu na maduka ya vitenge. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, aliimba katika korali ya parokia, na kila Jumamosi alasiri alifunga gunia lake mapema akaenda kuketi kati ya wanaume katika chumba cha video cha Papa Twagirimana, kutazama catch ya Mexique, mieleka ya watu wenye mask. Aliyemwingiza katika jambo hilo ni mdogo wake, Kambere, mtu mrefu mwenye kuchechemea kidogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuleta maharagi kutoka Rutshuru kwa malori ya Fuso ya watu.

Majina ya Kihispania yaliwashinda, basi mashabiki wakajitungia ya kwao. Mnene mmoja walimwita Chukudu, jina la baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa sababu akishaanza kuteremka hakuna wa kumsimamisha. Bingwa mzee wa mask nyeusi alikuwa Padri. Na yule mwepesi, mwenye mask ya manjano iliyochorwa mkia, alikuwa Nge.

Walikuwa na groupe ya WhatsApp, watu themanini hivi, wa Goma, Bukavu na Butembo. Humo hawakuzungumzia mapigo tu. Walijadili kampuni ile kana kwamba ni ya wajomba zao: kwa nini mwenye kampuni amempa mkwewe mkanda wa ubingwa; kwa nini Padri bado anashinda na magoti yake yamekwisha; kwa nini wanawake wanapewa dakika kumi tu wakati wao ndio wanaoruka vizuri. Aliyeheshimiwa kwa mambo ya kontra, mikataba ya wapiganaji, alikuwa Baharanyi, karani mmoja wa Goma mwenye asili ya Bukavu, ambaye ofisi yake ilifungwa kwa ajili ya vita na sasa alikuwa na siku nzima ya kuandika.

Kambere alikuwa na neno lake moja asiloliacha: Nge wa sasa si Nge wa kwanza. Wa kwanza alikwenda kampuni nyingine, alisema, na mwenye kampuni hakutaka kupoteza jina, akamvisha mutu mwingine mask ileile. "Muangalie mguu," aliandika. "Wa kwanza alipiga na wa kuume. Huyu anapiga na wa kushoto. Mutu habadilishe mguu." Groupe nzima ilimcheka, na Baharanyi alicheka kuliko wote. Kambere alimjibu kila mmoja, mistari ishirini, hata akiwa juu ya magunia, popote palipokuwa na reseau ya simu.

Jumanne moja ya mwezi wa tano Fuso alilopanda halikufika. Jioni watu wakasema watu wenye silaha wamesimamisha magari mawili upande wa Kibumba. Kesho yake wakasema magari yamepatikana, matupu. Kaswera alipiga simu mpaka kidole kikamuuma. Alimwandikia, na ujumbe ukabaki na alama moja, maana yake simu imezimwa.

Mama yao, Mama Kahambu, alikuwa Butembo, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imekatwa. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu.

"Kambere anaendelea aje?"

"Ako njiani, mama. Kule juu hakuna reseau."

Jumapili ya kwanza uongo huo ulikuwa mwepesi. Jumapili ya nne mama hakuuliza tena. Alipiga, akasikiliza pumzi ya binti yake, akakata.

Kaswera hakujua afanye nini. Alizunguka hospitali. Alikwenda penye ofisi ambapo watu hupanga mstari kuulizia watu wao waliopotea, akaandikisha jina la Kambere. Aliporudi nyumbani aliona jambo moja tu lililobaki mkononi mwake. Kambere hakuwahi kuvumilia kosa juu ya Nge. Basi akaanza kuandika makosa.

"Nge ni mutu mumoja tangu zamani," aliandika kwenye groupe. "Kambere alitudanganya." Siku iliyofuata: "Nge wa kwanza ndiye alikuwa anapiga na wa kushoto." Tena: "Mguu si kitu, ata mimi naweza badilisha." Aliandika hivyo kila siku, na ujumbe uleule akautuma kwa namba ya Kambere peke yake. Watu walichoka naye. Mmoja aliandika kwamba mama huyu amelewa. Baharanyi, ambaye siku hizo alikuwa anaeleza jinsi televisheni inavyotaka kuacha kununua kipindi cha catch, aliandika kwa ukali: "Mama Kaswera, tuko tunazungumza mambo ya maana hapa. Uache kurudilia neno moja sawa kasuku." Kaswera alikuwa anangoja mtu mmoja tu akasirike.

Siku ya arobaini na sita, saa nne asubuhi, akiwa anampimia mteja, alitazama simu na kuona alama mbili: ujumbe umefika. Kikombe kilimponyoka, sambaza zikamwagika chini. Alichutama palepale kati ya miguu ya wapita njia, akaandika: "Kambere?"

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu. "Niko muzima. Usiogope."

Mteja alimwona akilia akamshika bega. Kaswera alitaka kumpigia mama yake saa ileile. Alikwisha kutafuta namba. Kisha akausoma ujumbe tena. Kambere hakuwahi kumwandikia bila kumwita yaya, yaani dada mkubwa. Akakaa juu ya gunia, akaandika tena: "Sasa unakubali Nge ni mutu mumoja? Ulitudanganya?"

"Ndiyo," simu ikajibu. "Ni mutu mumoja."

Kambere asingekubali hivyo kamwe. Baadaye Kaswera alieleza kwamba hata siku Fuso lilipokosa kufika hakuumia kama alipolisoma jibu hilo. Alipiga ile namba. Ikalia, ikalia, mwishowe mwanamke akaitika.

"Wewe ni nani?" Kaswera aliuliza.

"Mama, samahani. Naitwa Jolie. Niko mulimaji wa hapa Kibumba."

"Mwenye simu ako wapi?"

"Ukuje," akasema.

Kesho yake Kaswera alipanda minibus. Jolie alimngojea kando ya barabara, mwanamke mwembamba aliyejifunika kitenge kizito kwa baridi, matope ya shamba bado miguuni. Alimpa simu kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa kimepasuka.

"Nilifikiri umeiiba," Kaswera alisema.

"Niliiokota kwenye shamba langu la mboga za poireaux, siku tuliporudi toka kukimbia vita. Niliichaji jana tu, haikuwa na code ya kuifungua. Ujumbe ukaanza kuingia, ukaingia, ukaingia. Wote umetoka kwako." Aliangalia chini. "Niliogopa utasema ni mimi nilimuua. Na tena nikaona umeandika kila siku. Nikashindwa kukuambia ule mutu haiko. Nikaandika muzima."

Kaswera aliinua mkono. Jolie hakukwepa. Mkono ule ukabaki hewani, kisha ukamshika Jolie kitenge kifuani, na Kaswera akamwangukia, wakaketi wote wawili kwenye majani yenye umande.

Walitafuta shamba zima, na mfereji, na mawe meusi ya upande wa juu. Hawakuona kiatu wala shati. Mzee jirani, aliyekataa kusema jina lake, alieleza kwamba siku ile alihesabu wanaume wanne wakipandishwa kilimani na watu wenye silaha. Wawili walirudi baada ya juma moja. Hakuwajua, hawakusimama kuzungumza.

"Mmoja alikuwa mrefu, mwenye kuchechemea kidogo?" Kaswera aliuliza.

"Mama, walikuwa wanakimbia. Mutu anayekimbia, utajua aje kama anachechemea?"

Usiku ule Kaswera aliandika mambo yote kwenye groupe, tangu Jumanne ile. Asubuhi Baharanyi alikuja mezani kwake Birere, amevaa shati lake la ofisi. Alisimama bila kujua mikono yake aiweke wapi.

"Nilikuita kasuku," alisema.

"Uliniita."

"Niko na picha zake alizotuma kwenye groupe. Niliwaza Bukavu kuna watu wanaweza kuzipeleka kwa wenye kutafuta waliopotea. Unipe jina lake lote."

Kaswera akampa. Alimtazama akiliandika kwenye karatasi kwa herufi nzuri za karani, na hakuamini kwamba litafika popote.

Jumapili mama alipopiga, Kaswera hakusema habari ya reseau. Alimweleza habari ya simu, ya shamba, na ya wale watu wanne. Kwenye simu alisikia kuku wa mama wakikwaruza uani.

"Mwili uliuona?" Mama Kahambu aliuliza.

"Hapana."

"Basi mimi sikae matanga. Usiniletee padri, usinitumie watu wa kulia. Na wewe usivae nyeusi."

"Mama, wawili hawakurudi."

"Na wawili walirudi," mama akasema, akakata.

Kaswera alibaki na simu mbili magotini, yake na ile iliyopasuka. Alikuwa amejiandaa kuomboleza. Angalau hapo angejua afanye nini na mikono yake. Sasa hata hilo alikatazwa. Jumatatu alimwachia jirani meza, akarudi stendi kutafuta gari la Rutshuru, akaulizie wale wawili waliorudi.