Njia Walizojia Wake

Siku inayonijia kila nikisikia neno ramani, mwanangu Adhis, ni Jumapili moja ya masika, nikiwa bibi arusi ambaye hata mwaka hajamaliza hapa Rangwe. Nimekaa kwenye mkeka mlangoni kwa mama mkwe, na watu wenye akili zao wanagombana juu ya karatasi. Nakumbuka matope kwenye viatu vyao. Nakumbuka pia kwamba sikuwa nimesema neno tangu asubuhi, na wewe unanijua, kwangu mimi kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kulima.

Nimeikumbuka zaidi tangu uliponipigia simu juzi. Ulikuwa karibu kulia ukijifanya una mafua. "Mathe, group yetu ya ramani inakufa," uliniambia. "Watu wa Masara wanataka tuchore mashimo ya dhahabu. Wa Sori wanataka bichi za wavuvi. Wa Rangwe wanasema visima. Na project ni moja tu, hatuna watu wa kutosha. Kila mtu amekasirika na mimi ndiye secretary." Nilisema nitakupigia, sikupiga. Jambo lenyewe ni refu, na mimi kwenye simu hupiga kelele tu kama niko ng'ambo ya mto. Nimeona heri nikuandikie polepole.

Nyinyi mna simu zinazojua mahali mtu amesimama. Sisi tulikuwa na karatasi moja ya manila na kalamu za rangi tulizopewa na nesi wa zahanati. Tulikuwa vijana wa kujitolea, tukimsaidia siku za kliniki ya watoto: kupima uzito, kupanga foleni, kufukuza mbuzi. Nesi alitaka tumchoree ramani ya kilima chetu aitundike ukutani, lakini tuchague jambo moja la kuonyesha. Mkichora kila kitu, alisema, hamtamaliza, na mkimaliza hakuna atakayeielewa. Akaenda zake, akatuachia ugomvi.

Okello, mwenyekiti wetu, alitaka barabara na makanisa. Awuor, jirani yangu aliyekuwa ameolewa kabla yangu kidogo, alitaka chemchemi. Mwingine alitaka josho la ng'ombe, mwingine shule, na ukichunguza, kila mmoja alitaka kile kilicho karibu na lango lake. Jumapili baada ya Jumapili tulikutana kwa mama mkwe kwa sababu uji wake ulikuwa mzuri. Tulikunywa uji, tukagombana, tukaenda nyumbani. Karatasi ilibaki nyeupe, isipokuwa pale mtu alipowekea kikombe.

Na mimi nilitaka nini? Nitasema wazi, maana umri huu aibu imeniishia. Nilitaka kwetu. Nilimtaka mama yangu. Baba yako alikuwa kazini Kericho, tukionana Krismasi, na ingawa nilimpenda, huwezi kuongea na mtu aliye Kericho ukiwa unamenya viazi. Nilikuwa nimeletwa hapa ndani ya lori la samaki, siku ya mvua kubwa, mimi na shangazi zangu tumejifunika turubai, na niliposhushwa sikujua tumepita wapi. Msichana aliyezoea kuamka akisikia ziwa na kunusa omena ikianikwa, sasa yuko mahali ambapo maji yanafuatwa bondeni na kubebwa kichwani. Watu waliniita Nyar Sori, binti wa Sori, kwa sababu kwetu mke huitwa kwa jina la alikotoka. Waliniita hivyo kutwa nzima, na mimi mwenyewe sikujua Sori iko upande gani.

Masika yale barabara zilikatika na mabasi yakaacha kuja. Mchuuzi mmoja wa samaki aliniletea habari kwamba mama anaumwa miguu, hatembei vizuri, na kila mtu anayetoka upande wa huku anamuuliza kama ameniona. Tangu siku hiyo nikawa nalilia kisimani. Nilikuwa naosha uso vizuri kabla ya kurudi, nikidhani nimeficha. Mama mkwe aliangalia macho yangu, akapokea mtungi.

Yeye mwenyewe alitoka Kuria. Kilima kizima kilimwita Nyar Kuria mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, na Dholuo yake ilibaki na lafudhi ya kwao hata baada ya kuzaa na kuzika hapa. Alikuwa mkali, mwenye maneno machache. Jumapili hiyo ninayokusimulia alitoka jikoni na sufuria ya uji, akamkuta Okello amesimama anapiga meza kwa ngumi. Akaiweka sufuria chini.

"Okello," alisema, "mama yako ametoka wapi?"

"Mama? Mama ni Nyar Kanyamwa."

"Alifikaje hapa?"

Okello akacheka. "Si alitembea, mama."

"Alipita wapi?"

Mama mkwe akamgeukia kijana wa pili, akamuuliza vilevile, kisha mwingine, akawamaliza wote. Hakuna aliyejua mama yake alipita wapi siku alipokuja kuolewa.

"Sasa mnachora nini?" alisema. "Nyinyi mmezaliwa hapa. Kilima hiki mnaweza kukitembea mkiwa mmefumba macho. Sisi ndio tumetoka kila mahali. Hakuna nyumba hapa isiyo na mtu anayetamani kwao, hata huyu hapa mlangoni anayejifanya ana moshi machoni. Na nyinyi mnapigania malango yenu."

Nilitamani mkeka unimeze. Lakini pia, mwanangu, ilikuwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye lile lori mtu kusema kwa sauti kitu kilichokuwa moyoni mwangu.

Okello hakupenda kushindwa mbele ya watu. Akachukua kalamu. "Haya mama. Anza wewe. Tuambie ulipita wapi, tuchore."

Na Nyar Kuria akaanza, kwa kurudi nyuma, kutoka langoni kwetu kwenda kwao. Alisema unashuka penye mawe, unafuata kijito, unapita mikuyu ambayo wakati wake ilikuwa na nyuki. Karibu na Awendo kulikuwa na boma la watu waliompa maziwa na mahali pa kulala. Kutoka hapo unateremka, unateremka, mpaka unasikia mto Migori. Mkono wake ulikuwa juu ukionyesha, na uso wake ulikuwa umebadilika, sijawahi kumwona hivyo. Kalamu ya Okello ilimfuata.

"Ukishavuka mto," alisema, "kuna..."

Tukangoja.

"Ukishavuka, upande huu kuna..." Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka taratibu. "Hapo nimesahau," alisema. "Nilikuwa mdogo. Wazazi walipokufa kila mwaka nilisema nitaenda mwaka ujao. Hapo nimesahau."

Mstari wa Okello ulisimama mtoni. Mama mkwe akaingia jikoni, tukamsikia akisugua chungu ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi. Hakuna aliyegusa uji. Baadaye Okello akasema bila kumwangalia mtu, "Tuchore njia za mama zetu." Hatukupiga kura wala hakuna aliyekumbuka josho la ng'ombe.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake ambao hawakuwahi kuulizwa swali tangu waolewe waliacha majembe, wakakaa chini, wakasema. Walitueleza mahali pa kunywa maji, kivuko kinachopitika wakati wa mvua, na boma ambalo ukifika jioni ukasema umetumwa na fulani utafunguliwa mlango. Awuor alipata chemchemi zake humo humo, maana msafiri lazima anywe. Okello alipata makanisa yake, maana ndiko watu hujikinga mvua. Njia ya Sori tuliipata kwa bibi mmoja mzee wa nyumba ya juu, naye ni wa kwetu, na alipokuwa akiieleza nilimshika mkono wake na sikuuachia.

Nesi aliposikia akasema njia ambayo hakuna kati yetu aliyeitembea isiwekwe wino. Nikaenda kuomba ruhusa kwa mama mkwe, nikiwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Hakuyahitaji. "Nenda ukaikague," alisema. Nilipofika langoni akaniita tena. "Na usiharakishe kurudi."

Nilitembea na Awuor, ambaye kwao ni Ndhiwa, tukalala kwa mama yake, tukaendelea. Ramani nilikuwa nimeinakili nyuma ya kalenda ya zamani. Kila tulipokuta kitu kilichotajwa, jiwe lile, kivuko kile, nilianza kutembea haraka zaidi, mpaka Awuor akaniuliza kama nimekuja kukagua njia au kushindana na mtu. Kisha tukapanda mwinuko wa mwisho na ziwa likawa hapo chini. Nililia, na safari hii sikuosha uso.

Mama alikuwa ameketi mbele ya nyumba kwenye kiti chake kifupi, miguu imevimba, akitazama kaskazini, kule ufuko unakopindia. Hakunisikia mpaka nilipomgusa bega. Ya hapo nitayabakiza yangu.

Tulipotulia aliuliza ile karatasi ni ya nini. Nikaitandaza chini, nikaikandamiza kwa mawe. Mama hakujua kusoma, lakini ziwa alilitambua mara moja, akaniambia niigeuze mpaka ziwa la karatasi lielekee ziwa lenyewe. Nikaigeuza. Nikamwonyesha: hapa ni wewe, hapa ni mimi, na huu mstari ndio njia niliyojia. Alifuata mstari kwa kidole, polepole, mpaka Rangwe. Kidole kikawa kinaelekea nyuma ya nyumba, kule linakochomoza jua.

"Huku?" aliuliza.

"Huko, mama."

"Lakini lori lilienda kule." Akaonyesha ufuko.

"Lilizunguka. Rangwe iko huku nyuma, kule kwenye vilima."

"Mimi kila jioni nakaa hapa nikuangalie," alisema. "Kumbe siku zote hizi nilikuwa nimekupa mgongo."

Aliniambia nimsaidie kusimama. Alikataa nimbebee kiti. Kwa miguu ile aliizunguka nyumba, akipumzika ukutani, akakiweka kiti nyuma, kando ya ghala, penye kuku na majivu, akakaa akitazama vilima. Wake za kaka zangu walifikiri amewakasirikia hata hataki salamu zao, na mmoja akaja kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Mama alicheka, lakini hakuhama. Walinisimulia baadaye kwamba jioni zote alikaa hapo, mpaka Mungu alipomchukua. Adhis, mimi ni mama mtu mzima na wajukuu ninao, na hakuna jioni ambayo simtamani.

Sasa nikuambie neno lenyewe. Sikuambii mchore njia za wanawake, hiyo ilikuwa kazi yetu. Lakini usiwaulize wenzako ni kitu gani muhimu, kwa sababu vyote ni muhimu na ndiyo maana mnapigana. Waulize kuna mtu gani, mwenye jina na nyumba, anayekaa bila kujua kitu anachotamani kukijua. Mtu wa Masara akisema mashimo, mwambie asikuonyeshe mashimo, akutajie mama anayezuia watoto wasicheze nje kwa sababu hajui shimo liko wapi. Wa Sori naye ataje wake, na wa Rangwe wake. Mkishasikilizana hivyo, kazi mtakayoichagua ni ile ambayo hakuna upande unaoweza kuimaliza peke yake, na kila mmoja atakuwa na sababu ya kuamka mapema kuifanya. Na mzee akinyamaza katikati ya maelezo, msimkatize kwa simu zenu. Choreni mpaka hapo alipofika, halafu mwende kwa wengine mkatafute kilichobaki, mapema, wakiwa bado wapo. Msisahau kutembea wenyewe. Usikubali mstari wa mtu aliyekaa kitini.

Nenda kwenye mkutano wako sasa, upanguse hayo mafua yako. Mungu akulinde kwenye hizo bodaboda za Migori ambazo sizipendi, akupe masikio ya kusikia na wenzako wenye moyo. Na popote atakapokupeleka, mwanangu, asikose kuwepo mtu anayejua uliko, ili jioni akikuwaza ajue ageukie wapi.