Siku Nilipojiandikisha Ng'ombe wa Baba Mkwe

Jamani chekeni kabisa mmalize, maana hata mimi nikikumbuka najifunika kanga usoni. Mimi Atupele, msomi wa kompyuta, mke mpya pale Mpuguso, nilijiandikisha mwenyewe kuwa ng'ombe.

Kikundi cha wafugaji, ambacho mwenyekiti wake ni baba mkwe wangu, kiliniomba mfumo: ng'ombe akihitaji dume, mfugaji anaandika kwenye simu, halafu ujumbe unamfikia mhimilishaji (yule bwana anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za kwenye mtungi) pamoja na wanachama wote, ili mwingine mwenye shida naye amtumie safari hiyo hiyo. Programu nilishaiweka kwenye seva ya mtandaoni, ila ilikataa katakata kuongea na kanzidata, kule taarifa zote zinakokaa. Asubuhi nzima mvua inanyesha, na mimi nasoma tu "imeshindwa kuunganishwa".

Nikabadilisha nywila, nikasema ngoja nijaribu na ng'ombe wa uongo. Jina? Uvivu tu, nikaandika Atupele. Mmiliki nikamwacha aliyetokea wa kwanza (mwenyekiti, nani tena!). Anahitaji dume leo. Nikabonyeza, ikaandika "imehifadhiwa", weee, nikacheza peke yangu chumbani, kumbe nywila ile imeniunganisha na kanzidata halisi yenye namba za watu wote, siyo ile ya majaribio!

Wifi yangu Tusa akaingia na simu mkononi, anacheka mpaka machozi. Nikasoma: "Ng'ombe Atupele wa Mwenyekiti anahitaji dume leo. Mtaalamu afike haraka." Mwe! Kabla sijakaa sawa, pikipiki ikanguruma uani, mhimilishaji kalowa chapachapa, mtungi mgongoni.

"Hodi! Atupele yuko wapi?"

Aliyetoka kumpokea ni baba mkwe. Na kwetu Wanyakyusa mkamwana haongei na baba mkwe wala hamtazami, akipita unaingia migombani, sasa nitajieleza vipi? Nikajibana nyuma ya mlango wa jikoni, nikijua heshima yangu kwenye ile nyumba imekwisha na kesho narudishwa kwetu Kawetele. Nikawa namnong'oneza Tusa, naye anapaza sauti.

"Baba, anasema alikuwa anapima kama programu inafika kwenye kanzidata!"

"Imefika?"

"Anasema imefika!"

"Imefika mpaka Kiwira," akasema baba mkwe, maana simu yake ilikuwa haiachi kuita, wenzake wanamuuliza huyo ng'ombe mpya kamtoa wapi.

 Mara nikamsikia anacheka, yule mzee ambaye sijawahi kumsikia akicheka.

"Tusa, mwambie mkamwana wangu mfumo tumeupokea. Ila ng'ombe wa mahari tulishawapeleka kwao. Huku tulileta binti."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, nimekumbatia sufuria. Siku hizi sibonyezi kitu kabla ya kuhakikisha ni kanzidata ipi, na ng'ombe wangu wa majaribio anaitwa Ndoo. Ndoo haina baba mkwe.